Kikao Hujengwa Mlangoni



Nyota njema huonekana asubuhi. Huko Gishubi, mkoani Gitega, wawili wagombeapo mpaka wa shamba huweza kuwaendea Bashingantahe, wazee wa busara, ambao jina lao latokana na intahe, fimbo ndogo ya hukumu inayogongwa ardhini.

Msuluhishi mwema haanzi kwa kuuliza nani mkosaji. Kwanza huhakikisha kwamba pande zote zimefika. Kisha hujieleza: hakuja kumpendelea yeyote. Hutaja masharti: kila mmoja atasema bila kukatizwa wala kutukanwa. Huwauliza wote kama wameyakubali. Ndipo mlalamikaji aanze.

Sharti la kwanza ndilo zito. Mwezi Juni 1998, Mwalimu Nyerere alifungua mjini Arusha mazungumzo ya amani ya Burundi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela. Lakini wapiganaji wa CNDD-FDD na wa FNL hawakuwemo miongoni mwa waliotia saini, na vita viliendelea. CNDD-FDD ilifikia makubaliano kamili na serikali mwaka 2003. FNL ikakawia zaidi.

Askari, uitwapo kulinda kikao, yakumbuke hayo. Simama ulinde njia ya kila mmoja, wala usionyeshe upande. Mlinzi amtishaye mgomvi mmoja amekwisha kukifunga kikao kabla mzee hajakifungua.