Firigogo Hunywa Maji Saa Tatu Asubuhi

Naishi Kitengela, na kazi yangu ni kuwaongoza watu wanaokuja kutazama ndege katika nyanda za Athi na Kapiti. Wengi huulizia simba na mbuni. Mimi huwapeleka kwanza kwenye maji, tukaketi kimya kando, kwa sababu jua likishapanda, kati ya saa mbili na saa nne, firigogo huanza kuingia. Utawasikia kabla hujawaona. Hutua mbali kidogo na ukingo, mahali peupe, wakasimama wakiangaza macho. Wakiridhika kwamba hakuna mbweha wala kozi, hukimbilia majini, wakapiga mafunda machache, kisha hao wameondoka.

Firigogo wa kwetu huku ni hasa yule mwenye koo la njano, na dume lake lina mkanda mweusi chini ya koo. Ukimwona kwa mbali utadhani ni njiwa mnene wa miguu mifupi. Chakula chake ni mbegu kavu, ndiyo maana hawezi kukaa mbali na maji kwa muda mrefu. Jike hutaga mayai mawili au matatu kwenye kishimo kidogo ardhini, mahali ambapo hata mtu mwangalifu anaweza kuyakanyaga. Vifaranga huanza kujiokotea mbegu mapema sana, lakini hawawezi kuruka kwenda kunywa. Hapo ndipo baba anapofanya kazi yake: huingia majini, huloweka manyoya ya tumbo, kisha huyabeba maji hayo angani hadi waliko watoto, nao huyanyonya kwenye manyoya. Mwingereza E. G. B. Meade-Waldo aliandika habari hiyo mwaka 1896 na wengi hawakumwamini, mpaka Tom Cade na Gordon Maclean walipoithibitisha mwaka 1967 kwa ndege wa Kalahari.

Sasa tuje kwenye machimbo, yanayoweza kumnyima ndege huyu maji. Kajiado, kaunti yetu, ni ya kuchimbwa. Magadi huchimbwa katika Ziwa Magadi tangu miaka ya 1910. Kuna mawe ya chokaa yanayokwenda kwenye viwanda vya saruji, kuna marumaru, mawe ya kujengea, kokoto, na mchanga unaozolewa kwenye mito ya msimu. Nairobi na Kitengela zimejengwa kwa vitu hivi, nyumba ninayolala ikiwemo, wala sidai machimbo yafungwe. Ninachodai ni hesabu ya kweli ya madhara yake.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 na kanuni zake za 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kabla ya kupewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na panapohitajika uchunguzi kamili aandae mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Katika mkutano mmoja nilisoma ripoti ya timbo lililokuwa likipangwa. Ndege walikuwa wamehesabiwa ndani ya mipaka ya kiwanja tu, kwa matembezi ya mchana. Firigogo hakuwamo. Atakuwamo vipi? Saa ya kumwona ilikuwa imeshapita, na maji anayokunywa yako nje ya ramani ile.

Hili ndilo linaloniuma. Ndege huyu hulala mahali pamoja, hula pengine, hunywa kwingine, na kati ya sehemu hizo pana kilomita nyingi. Timbo linaweza lisiguse kiota hata kimoja na bado likamwondoa, iwapo malori yake yanapita ukingoni mwa bwawa saa tatu asubuhi kila siku. Mchanga nao ndio unaohifadhi maji mto unapokauka. Uzoe wote, na vidimbwi vya kiangazi hupotea, vya firigogo na vya ng'ombe. Wafugaji wa huku wamelijua jambo hilo muda mrefu.

Wapo wanaosema mashimo ya machimbo hujaa mvua, basi ndege wamepata bwawa la bure. Kuna ukweli hapo, ila kuta za timbo zimesimama wima, na firigogo anataka ukingo wa mteremko mpole, wazi, anaoweza kuuona pande zote. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mpango wa kuikarabati ardhi pamoja na dhamana ya fedha. Kulaza upande mmoja wa shimo wakati wa kufunga si gharama ya kumfilisi mtu.

Wenzetu wa Wyoming, Marekani, wana kwale mkubwa wa nyika, ambaye hana udugu na firigogo. Madume yake hukusanyika kila masika mahali palepale kucheza mbele ya majike. Tangu 2008 jimbo hilo limetenga maeneo muhimu ya ndege huyo. Humo uharibifu wa ardhi una kikomo cha asilimia 5, na miundombinu hukaa umbali wa karibu kilomita moja kutoka uwanja wa kuchezea. Wamelinda mahali ambapo maisha ya ndege huyo yanapategemea. Kwa firigogo, mahali hapo ni maji.

Kwa hiyo ukiona tangazo la mkutano wa machimbo limebandikwa kwa chifu, nenda. Uliza wataalamu walikwenda kwenye maji gani, mwezi gani, saa ngapi. Uliza malori yatapita wapi asubuhi, na mchanga utatoka mto upi. Majibu yakikosekana, andika pingamizi lako mapema kwa NEMA. Leseni ikitolewa hata hivyo, una siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira.