Viambata Pete: Kutoka Gome Chungu hadi Kidonge cha Kisukari

Viambata vinukiavyo vya mimea ni kundi kubwa la kemikali ambazo kwa kawaida zina angalau pete moja ya atomi sita za kaboni. Jina hilo linapotosha. Kiswahili kimetenganisha vizuri kunuka na kunukia, na chai ya mji wa Ifakara, Tanzania, iliyotiwa mdalasini na karafuu hunukia kwa sababu ya sinamaldehidi na eujenoli, zote mbili zenye pete. Lakini mchaichai nao hunukia, ilhali sitrali yake haina pete yoyote. Na viambata vingi vyenye pete havina harufu kabisa. Pua si kipimo. “Viambata pete” ni jina la kweli zaidi, na ndilo litumikalo hapa.

Katika bonde la Kilombero, ulipo mji huo, kati ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge, viambata hivi vimo katika kakao, katika bizari, na katika mbegu za zambarau ambazo tiba za jadi, hasa za Kihindi, huzitumia kwa kisukari tangu zamani. Vingi hushusha sukari ya panya wa maabara. Kwa binadamu, matokeo ya mdalasini yamegongana. Kiambata pete kilichofika mbali kuliko vyote katika tiba ya kisukari ni florizini.

Florizini ilitolewa mwaka 1835 katika gome la mizizi ya mtufaha, ule unaozaa maepo. Kwa kuwa ilikuwa chungu kama kwinini, ilidhaniwa kuwa dawa ya homa na malaria. Mwaka 1886 Josef von Mering, daktari wa Ujerumani, alieleza jambo lisilotarajiwa: florizini huleta sukari kwenye mkojo.

Sababu iko kwenye figo, na ni utaratibu wa kupendeza mno. Kila siku figo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, pamoja na gramu 180 hivi za glukosi. Kwa mtu mwenye afya, karibu yote hurudishwa kwenye damu. Mfano wake ni kivuko kilichovusha watu mto Kilombero kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018. Kivuko cha figo ni protini iitwayo SGLT2, nacho hakina injini. Kinasukumwa na sodiamu, ambayo ni nyingi upande wa mkojo na chache ndani ya seli, hivyo hukimbilia ndani kama maji yateremkavyo, kila sodiamu ikivuka na glukosi moja. Abiria akishapanda, mlango wa nyuma hufungwa, wa mbele hufunguka, naye hushuka. Kivuko hurudi kitupu kuchukua mwingine. Asilimia 90 hivi ya glukosi huvuka hapo.

Florizini huja imebeba glukosi, kwa hiyo hupokewa kama abiria halali. Lakini glukosi hiyo ni tiketi tu. Nyuma yake kuna pete mbili zilizounganishwa, mzigo mpana kama tenga la samaki. Abiria amekwisha kukaa, tenga limekwama mlangoni, mlango haufungiki, na kivuko kimebaki gatini. Glukosi nyingi zilizokuwa zikisubiri huchukuliwa na mkondo hadi kibofuni.

Gome lenyewe halifai kumezwa kama dawa, kwani kimeng'enya cha utumbo hukata kiungo cha oksijeni kati ya glukosi na pete kabla florizini haijafika kwenye damu. Wakemia walikiondoa kiungo hicho, wakaifunga glukosi moja kwa moja kwenye kaboni ya pete, na kimeng'enya kikakosa pa kukata. Hivyo ilipatikana dapagliflozini, kidonge cha kisukari kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2012, miaka 177 baada ya gome. Ina pete mbili vilevile. Miongoni mwa madhara yake yanayojulikana ni fangasi sehemu za siri, ambao hutibika.

Mzambarau haujapata bado mkemia wa kuufuatilia hadi mwisho namna hiyo, nao unastahili. Kwa sasa, mwenye kisukari anayetumia unga wa mbegu zake asiache vidonge vyake, na amtajie daktari unga huo, kwa sababu viwili hivyo vikitumika pamoja vinaweza kushusha sukari kupita kiasi.