Mji na Kiwanja Chake cha Ndege

Ndege ipitapo juu ya kijiji, watoto hukimbia nje kuitazama, na wazee nao huinua macho. Lakini ni wachache waulizao: Je, ndege ile ikishuka, yashuka katika ardhi ya nani? Na nani alipaye gharama za mahali pale? Leo twataka kulijibu swali hilo kwa kueleza habari za kiwanja kimoja kidogo kilicho mali ya mji, wala si mali ya serikali kuu wala ya tajiri. Mji huo ni Santa Monica, katika jimbo la California, nchi ya Marekani, kando ya bahari ya Pasifiki, karibu na mji mkubwa wa Los Angeles.

Kwanza tutazame kazi za kiwanja chenyewe. Ardhi yake ni ekari 227. Ina njia moja tu ya kurukia, nayo imeandikwa namba 21 upande mmoja na namba 3 upande wa pili. Namba hizo hutoka katika dira. Duara ya dira ina digrii 360; rubani aelekeaye digrii 210, yaani upande wa kusini-magharibi, huikuta namba 21 chini mbele yake, kwa kuwa sifuri ya mwisho huachwa. Akigeuka kuelekea upande wa pili, huikuta namba 3. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele huisaidia kuinuka upesi na kusimama upesi. Upepo wa Santa Monica kwa kawaida hutoka baharini, basi ndege nyingi huruka kuelekea huko.

Mji ndio utunzao njia hiyo, ukodishao mabanda ya kuwekea ndege, na utozao ada kwa ndege zituazo. Lakini watumishi wakaao mnarani, wanaowapa marubani ruhusa ya kuruka na kutua, ni wa serikali kuu. Basi mji una ardhi, bali hauna anga. Neno hilo tulishike, kwa maana ndilo lililoleta ugomvi tutakaousimulia.

Zamani kiwanja hiki kiliitwa Clover Field, kwa ukumbusho wa rubani Mmarekani, Greayer Clover, aliyekufa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Donald Douglas aliunda ndege zake katika mji huo. Tarehe 17 Machi 1924 ndege za kiwanda chake ziliondoka hapo kwenda Seattle, na kutoka Seattle ndege nne zikaanza safari ya kuizunguka dunia. Moja iliangukia mlimani Alaska, na nyingine ilizama katika bahari ya Atlantiki, ila watu wake wote waliokoka. Mbili zilimaliza safari katika mwezi wa Septemba, baada ya siku 175. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyeizunguka dunia kwa ndege.

Tarehe 17 Desemba 1935 ikaruka hapo kwa mara ya kwanza ndege ya namna ya DC-3. Hiyo si ngeni kwetu. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946 na kuvunjika 1977, lilikuwa nazo, nazo zilijulikana kwa jina la Dakota.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali kuu ilikikodi kiwanja. Kiwanda kilifunikwa kwa wavu, na juu yake zikawekwa nyumba na miti ya uongo, ili adui akitazama toka juu adhani ni mtaa wa watu. Mwaka wa 1948 serikali ilikirudisha kiwanja kwa mji, pamoja na hati yenye masharti.

Wakati huo nyumba za kweli zilikuwa zimekizunguka kiwanja pande zote. Wengi walikuja kwa ajili ya kazi ya kiwandani. Douglas alipotaka njia irefushwe kwa ajili ya ndege za jeti, wenyeji walikataa nyumba zao zisibomolewe, na kazi hiyo ikahamia Long Beach. Mwaka wa 1975 kiwanda kikafungwa. Mkate ukaondoka, kelele zikabaki. Wenyeji walilalamikia pia moshi, kwa maana petroli ya ndege nyingi ndogo ina madini ya risasi, nayo hudhuru akili za watoto.

Basi mji ukataka kukifunga kiwanja. Serikali kuu ikajibu: Haiwezekani. Ilidai kwamba hati ya 1948 yaufunga mji milele; tena mji ulikuwa umepokea fedha za serikali za kukitengeneza kiwanja, na apokeaye fedha hizo huahidi kukiacha wazi kwa watu wote kwa miaka mingi. Ahadi ni deni. Marubani nao walikuwa na hoja yao: kiwanja kikifungwa mahali palipojaa nyumba, ni vigumu sana kupata kingine karibu.

Kesi zilikwenda miaka mingi, hata mwaka wa 2017 pande mbili zikapatana mbele ya mahakama. Mji uliruhusiwa kuifupisha njia toka futi 4,973 hadi 3,500, ili jeti kubwa zisitue. Tena ukaruhusiwa kukifunga kiwanja baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Wapiga kura walikuwa wamekwisha kuamua mwaka wa 2014 kwamba kiwanja kikifungwa, ardhi iwe bustani na mahali pa watu wote pa kupumzikia na kuchezea, isijengwe majumba mengine bila wao kuulizwa.

Twaona nini katika habari hizi? Waliotia sahihi mwaka wa 1948 hawakuwa waovu. Walitaka kiwanja chao kirudi. Lakini maneno yao yaliwafunga wajukuu wao. Hata sisi, kijiji kipewapo mabati ya shule au pampu ya kisima, na tushukuru. Ila kabla ya kutia sahihi, hati na isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, tangu neno la kwanza hata la mwisho.