Fedha za ruzuku: Kuzipata ni kazi, kuzitunza ni kazi zaidi

KATA ya Igogo jijini Mwanza imebanana kati ya mawe ya mlima na maji ya Ziwa Victoria. Wakazi wake wengi huishi kwa biashara ndogo ndogo: samaki, dagaa, mama lishe, genge, cherehani na kuku wachache uani. Mitaji ni midogo, na benki hutaka dhamana ambayo wengi hawana.

Ndiyo maana habari ikisikika kwamba kuna "fedha za mradi", vikundi huundwa usiku mmoja. Watu hutafutana majina, katiba hunakiliwa kwa jirani na mwenyekiti huteuliwa papo hapo. Vikundi vya aina hiyo ndivyo huvunjika fedha zikishaingia.

Ruzuku si mkopo

Jambo la kwanza ni kujua fedha inayoombwa ni ya aina gani. Ruzuku hairudishwi, lakini hutolewa kwa kazi maalumu na lazima itolewe hesabu. Mkopo hurudishwa, hata kama hauna riba. Mwaka 2006 Serikali ilipotoa fedha za uwezeshaji kupitia benki, maarufu kama "mabilioni ya JK", wapo waliozichukulia kama zawadi, kumbe ulikuwa mkopo.

Mfano wa ruzuku ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za mwanzo wananchi waliibua mradi wenyewe kwenye mkutano, wakachagua kamati, wakafungua akaunti na kuchangia nguvu zao. Awamu ya tatu ilielekezwa zaidi kwa kaya maskini. Kandokando ya ziwa, mradi wa hifadhi ya mazingira wa LVEMP nao uligharimia miradi midogo iliyoibuliwa na jamii.

Kwa upande wa mikopo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 utoaji wake ulisimamishwa baada ya ukaguzi kuonyesha mabilioni ya shilingi hayakurejeshwa na kuwepo kwa vikundi hewa. Ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Andiko lieleze tatizo

Milango yote hiyo hudai mambo yanayofanana: kikundi kilichosajiliwa, katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Andiko zuri si lile refu. Chukua mfano wa kina mama 10 wanaoanika dagaa. Wakianika chini, dagaa hushika mchanga na bei hushuka. Mvua ikinyesha huoza au huishia kuwa chakula cha kuku. Wanahitaji vichanja vya nyavu na maturubai.

Tuseme kila wiki ya mvua huharibika ndoo 10 za dagaa, na ndoo moja walinunua kwa Sh15,000. Hasara ni Sh150,000 kwa wiki. Vichanja 10 kwa Sh120,000 kila kimoja ni Sh1,200,000, na maturubai Sh300,000, jumla Sh1,500,000. Wakichangia wenyewe Sh300,000 za nguzo na ufundi, wataomba Sh1,200,000. Vichanja vikiokoa hata nusu ya hasara, yaani Sh75,000 kwa wiki, gharama yote itakuwa imerudi baada ya wiki 20 za mvua. Bei hizo ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke za soko lake. Mtoa fedha akisoma hesabu hiyo anaelewa mara moja.

Lazima pia andiko lionyeshe eneo la mradi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kikundi kinachopanga kujenga ufukweni bila kuuliza kinaweza kujikuta kikibomolewa mradi kabla ya kuvuna chochote.

Mali bila daftari

Fedha zikiingia ndipo mtihani huanza. Mara nyingi kinachoua kikundi si wizi wa wazi. Mwenzao anafiwa, mtoto anarudishwa kwa kukosa ada, na mhazini anaombwa "atoe kidogo, zitarudishwa". Hazirudi, vichanja havijengwi, na siku mkaguzi anapofika wanachama hawasalimiani.

Dawa yake si ukali. Kikundi kiwe na mfuko wa jamii unaochangwa kila wiki, kama vinavyofanya vikundi vya VICOBA, ili shida za wanachama zisiguse fedha za mradi. Watia saini wawe zaidi ya mmoja. Kila ununuzi uwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi. Bei zikipanda na bajeti ikahitaji kubadilishwa, mtoa fedha aandikiwe barua kwanza, siyo baada ya kutumia.

Aidha, wananchi wajihadhari na matapeli wanaopiga simu wakidai "ada ya fomu" ili ruzuku itoke. Kabla ya kutuma hata shilingi, taarifa hiyo ihakikiwe ofisi ya kata.

Wahenga wa sokoni husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi ambacho leo kinaandika vizuri michango yake ya Sh1,000 kila wiki kimeshaanza kuandika andiko lake, maana daftari hilo ndilo mtoa fedha ataomba kuliona kwanza.