Mfano wa Moyo Katika Mashine



Fundi wa nguo hakati kitambaa kabla ya kupima. Akikata vibaya, kitambaa hakirudi tena. Je, si zaidi moyo wa mtu? Basi sikieni jinsi waganga wengine wanavyoupima moyo kwanza, kabla ya kuugusa.

Moyo ni nyama yenye nguvu inayosukuma damu mwilini. Kila pigo lake linaanzishwa na umeme kidogo sana, unaopita katika nyama ile kwa njia yake. Mwaka 1960, huko London, Denis Noble alitumia kompyuta, yaani mashine ya kuhesabu, akaonyesha kwa hesabu namna umeme huo unavyofanya kazi.

Sasa fikirini mtu ambaye sehemu ya moyo wake ilikufa kwa kukosa damu. Akipona, kovu linabaki pale. Umeme ukifika penye kovu, pengine hupotea njia na kuzunguka-zunguka. Ndipo moyo hwenda mbio, mtu huzimia, na aweza kufa ghafula. Waganga huingiza waya mwembamba katika mshipa wa paja hata moyoni, nao huchoma mahali pale ili njia mbaya ifungwe. Lakini wachome wapi? Kutafuta ndani ya moyo huchukua saa nyingi, na pengine ugonjwa hurudi.

Kwa sababu hiyo Natalia Trayanova na wenzake, katika chuo cha Johns Hopkins huko Marekani, walitengeneza njia nyingine. Mgonjwa hupigwa picha za moyo kwa mashine ya sumaku. Kwa picha hizo kompyuta hufanya mfano wa moyo wake yeye, pamoja na makovu yake. Kisha hupitisha umeme katika mfano ule, na waganga hutazama unapopotea. Hujaribu kuchoma kwanza katika mfano, na mgonjwa hasikii maumivu yo yote. Mwaka 2018 walitoa habari za wagonjwa 5 waliotibiwa kwa kufuata mifano yao.

Mtu atauliza: “Je, mashine ile inaona siri za moyo wangu?” Hapana. Inaona nyama na makovu tu. Dhambi na huzuni zetu Mungu ndiye azijuaye. Wala si uchawi, ni hesabu. Tena mashine haiponyi mtu. Inamwonyesha mganga njia. Katika Luka 14 Bwana Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu. Kuhesabu mbele ya kazi si kukosa imani.

Basi, mtu wa nyumba yako akizimia, au moyo wake ukienda mbio naye amekaa tu, usiseme, “Amelogwa.” Usimfiche. Umlete hospitali upesi. Hata pasipo kompyuta, mganga anaweza kuusikiliza moyo, kupima mapigo yake, na kutoa dawa. Mwombeeni mgonjwa, lakini mwombeeni njiani, mkimleta.