MTUMIAJI WA UNGA: JELA AU HOSPITALI?

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Wasomaji wapendwa, kuna ugonjwa mmoja ambao sheria yenyewe humfanya mgonjwa aufiche. Ugonjwa huo ni uraibu wa dawa za kulevya.

Duniani kuna mjadala mkali. Mtu akishikwa na kete ya unga ya kutumia mwenyewe, afungwe au atibiwe? Wengine wanataka kosa hilo liondolewe katika orodha ya jinai. Tukisikia hivyo wengi wetu tunaruka: "Eti heroini iuzwe dukani kama peremende!" La hasha! Kuondoa jinai si kuhalalisha. Chukueni mfano wetu sisi wanafunzi wa kutwa. Tukichelewa langoni, shule haisemi kuchelewa ni halali, lakini pia haituitii polisi. Tunapelekwa kwa mwalimu wa zamu, tunaulizwa kisa na maana.

Nchi ya Ureno ilifanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini ilikadiriwa kuwa karibu mtu mmoja katika kila watu 100 huko alikuwa akitumia heroini. Tangu tarehe 1 Julai 2001, anayepatikana na dawa isiyozidi matumizi ya siku 10 hunyang'anywa, kisha huitwa mbele ya kamati ya watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Mraibu huelekezwa kwenye matibabu. Asiye mraibu huweza kuonywa au kutozwa faini. Na muuzaji je? Huyo bado jela inamngoja. Wakati huo huo serikali iliongeza matibabu na sindano safi. Waliokuwa wakiambukizwa virusi vya Ukimwi kwa kujidunga walikuwa mamia kila mwaka. Baadaye wakabaki makumi tu.

Hata hivyo, wapinzani nao wana hoja. Jimbo la Oregon kule Marekani liliondoa jinai hiyo Februari 2021. Aliyeshikwa alipewa faini ya dola 100, au apige simu apimwe afya na faini ifutwe. Waliopiga simu walikuwa wachache mno, na fedha za matibabu zilichelewa kufika. Watu walichoka kuona dawa zikitumiwa hadharani, na tarehe 1 Septemba 2024 jinai ikarudishwa. Kwa nini Ureno ikafaulu kuliko Oregon? Ureno ilimkalisha mraibu chini, ikazungumza naye, na hospitali ilikuwa tayari. Oregon ilimwachia karatasi mkononi.

Sasa turudi kwetu Kenya. Sheria yetu ya 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa bangi ya kutumia mwenyewe, na hadi miaka 20 kwa dawa nyingine. Ilirekebishwa mwaka 2022, lakini kupatikana na dawa hizo bado ni jinai. Kwa upande mwingine, tangu Desemba 2014 serikali hutoa methadoni, kwanza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Pwani.

Methadoni ni nini? Mraibu wa heroini akikosa unga hushikwa na arosto: mwili unatetemeka, mifupa inauma, anatapika, hana usingizi. Ndipo anaiba hata sufuria ya mamake. Methadoni ni dawa ya kunywa inayotuliza arosto kwa muda wa siku nzima hivi, akaweza kufanya kazi. Lakini kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Hebu jiulizeni, mtu anayekimbia kila landrova ya polisi atafikaje kliniki kila asubuhi?

Mtaani kwetu kuna kaka mmoja aliyekuwa golikipa hodari. Leo watoto wanamwita teja. Mama yake alimwambia mama yangu kwamba anaogopa kumpeleka hospitali asije akakamatwa. Mama huyo hajui kuwa wahudumu wa kliniki kazi yao ni kutibu. Woga ndio umefunga mlango, wala si ukosefu wa dawa.

Kwa maoni yangu, tuanze na hospitali. Kliniki ziongezwe, wazazi waambiwe ziko wapi, kisha mtumiaji aondolewe jinai na mwuzaji aandamwe bila huruma. Tukiondoa sheria kabla ya kujenga kliniki, tutakuwa tumemtoa mgonjwa jela na kumwacha barabarani.

Na sisi wanafunzi? Tuache kuwaita watu mateja. Ukimwona mwenzako ameanza, mwambie mwalimu wa ushauri mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgonjwa hatajitokeza mahali anapochekwa.