Kidonge cha nguvu za kiume: Usichomwambia daktari kinaweza kukuua

Mwanza. Ni picha inayojirudia kwenye maduka mengi ya dawa. Mzee wa miaka hamsini na kitu anasubiri wateja wengine waondoke, anasogea dirishani na kuuliza kwa sauti ya chini kama "ile ya wazee" ipo. Anapewa, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakusema kitu.

Asichosema ni kwamba ana presha, na kifua kikimbana huweka kidonge chini ya ulimi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Dawa hii inafanyaje kazi?

Sildenafil, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, haikutafutwa kwa ajili ya chumbani. Kampuni ya Pfizer iliifanyia utafiti nchini Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaeleza matokeo mengine, na Machi 27, 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa tatizo la nguvu za kiume.

Inalegeza mishipa ili damu iingie kwa wingi kwenye uume. Haileti hamu, kama hamu haipo, kidonge hakisaidii. Kwa kawaida humezwa kama saa moja kabla ya tendo, na nguvu yake hukaa saa nne hivi. Ndugu yake, tadalafil, huweza kufanya kazi hadi saa 36.

Kwa nini daktari anauliza kuhusu moyo?

Vile vidonge vya chini ya ulimi ni vya kundi la nitrati, nazo hutanua mishipa. Zikikutana na sildenafil mwilini, presha inaporomoka ghafla. Mtu anaweza kuzimia, hata kufa.

Sasa fikiria mgonjwa anavushwa usiku kutoka visiwani hadi mjini, kifua kinambana. Daktari wa dharura anaweza kumpa nitrati kwa nia njema kabisa. Kwa aliyemeza sildenafil, nitrati hazitakiwi ndani ya saa 24. Kwa tadalafil, ni saa 48. Daktari hawezi kubahatisha hilo. Mgonjwa, au mkewe kama anajua, lazima aseme.

Mambo ya kumwambia daktari bila kuficha

• Dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha na za tezi dume. Baadhi ya dawa za tezi dume zikichanganywa na sildenafil hushusha presha.

• Kama anatumia ARV. Zile zenye ritonavir huifanya sildenafil ijae mwilini kupita kiasi, hivyo dozi lazima ibadilishwe. Dawa ya TB iitwayo rifampicin hufanya kinyume chake: huipunguza nguvu.

• Kama amewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, au anapumua kwa shida akipanda ngazi.

• Pombe, sigara, na mitishamba anayotumia.

Huenda tatizo ni taarifa

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba, dalili huweza kuonekana chumbani miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Kisukari nacho huharibu mishipa na neva kimyakimya. Ndiyo maana daktari atapima presha na sukari kabla ya kuandika dawa. Wakati mwingine chanzo ni msongo wa mawazo, au dawa ya presha ambayo inaweza kubadilishwa. Mgonjwa asiiache mwenyewe.

Anayenunua dirishani anapata kidonge tu. Kisukari chake anarudi nacho nyumbani.

Na vumbi la Kongo je?

Vumbi la Kongo, mkuyati na unga mwingine wa vichupa huuzwa stendi na sokoni kama dawa za asili. Shida ni kwamba mnunuzi hajui kilichomo wala kipimo chake. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa na sildenafil iliyofichwa ndani. Anayetumia nitrati anaweza kuimeza bila kujua.

Aanzie wapi?

Si lazima kukimbilia Bugando. Anaweza kuanza kituo cha afya cha karibu, na ikihitajika atapewa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando. Akiona aibu, aombe kuonana na daktari wa kiume. Sentensi moja inatosha kufungua mlango: "Dokta, nina tatizo la nguvu za kiume, lina kama miezi mitatu." Yanayobaki atayauliza daktari, na mazungumzo hayo ni siri.

Akishaandikiwa, asiongeze dozi mwenyewe wala kumeza zaidi ya mara moja kwa siku. Kuumwa kichwa, uso kuwaka na pua kuziba ni maudhi ya kawaida. Lakini uume ukisimama zaidi ya saa nne, kuona kukipotea ghafla au kifua kikibana, aende hospitali muda huohuo. Na akifika, jambo la kwanza kutamka ni jina la kidonge na saa alipokimeza.